Mwanamke anataka kugombea: mwongozo kamili, toka kadi ya chama mpaka fomu ya matokeo

Kila uchaguzi ukikaribia napigiwa simu ya aina moja. "Dada, nimeamua kugombea." Nauliza, kadi ya chama unayo? Kimya. Jina lako limo kwenye daftari la wapiga kura? Kimya tena. Nauliza imebaki miezi mingapi, naambiwa mitatu. Hapo huwa nameza mate tu, manake huyu mtu ana akili, ana sauti, watu wanampenda, ila uchaguzi wake umeshapita na yeye mwenyewe hajui.

Hilo naomba lieleweke mapema: kwa mwanamke, uchaguzi mara nyingi unaamuliwa kabla kampeni hazijaanza. Unaamuliwa kwenye kikao cha chama, kwenye karatasi, na kwenye mfuko wa pesa, jukwaa linakuja mwisho kabisa. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 11.3 ya wabunge duniani, mwanzoni mwa 2025 wakafika asilimia 27.2, yaani miaka 30 ya semina na makongamano na bado hatujafika hata mmoja kati ya watatu. Mimi siamini eti mpiga kura ndo tatizo kubwa. Mpiga kura anachagua kati ya majina aliyowekewa, na hayo majina yanapikwa mahali pengine. Kwa hiyo tutakaa sana huko jikoni, mambo ya hotuba nitayapitia mbiombio.

Hatua ya 1: jua unaingilia mlango gani

Usianze na mabango, anza na sheria ya uchaguzi ya nchi yako. Milango mikubwa ni mitatu. Kuna jimbo au kata, mmoja anashinda wengine wanarudi nyumbani. Kuna orodha ya chama, chama kinapeleka majina yaliyopangwa kwa namba na kinapata viti kulingana na kura zake. Na kuna viti vilivyotengwa kwa wanawake. Nchi nyingine zinachanganya: Kenya ina viti 47 vya wabunge wanawake peke yao, kimoja kila kaunti, Tanzania viti maalum vinagawiwa vyama kulingana na kura zao, Rwanda bunge lina viti 80 na 24 kati yake ni vya wanawake peke yao. Sasa angalia hiyo Rwanda, mwaka 2024 wanawake walioingia walikuwa 51. Wale 24 ni sakafu tu, wengi wa waliobaki walipita kwenye orodha za vyama wakishindana na wanaume.

Kama nchi yako inatumia orodha, usiulize "niko kwenye orodha?", uliza "ni namba ngapi?" Tuseme chama kinategemea kupata viti 4 na orodha ina majina 10. Chama kinaweza kuweka wanawake watano, kikapiga picha, kikajisifu kwenye redio, na wote watano wako namba 6 mpaka 10. Hapo hakuna hata mmoja anaingia. Argentina waliliona hili mapema, sheria yao ya 1991 haikuishia kusema asilimia 30 wawe wanawake, ilisema wawekwe kwenye nafasi zenye uwezekano wa kushinda. Senegal mwaka 2010 wakaenda mbali zaidi, orodha inapishana mwanamke mwanaume mpaka chini, na uchaguzi wa 2012 wanawake wakapata viti 64 kati ya 150. Ila hata kupishana kuna mtego wake. Tunisia 2011 orodha zilipishana vizuri tu, lakini wanaoongoza orodha wengi sana walikuwa wanaume, na orodha nyingi zikapata kiti kimoja kimoja. Kiti kimoja kinamwendea nani? Namba moja. Kwa hiyo kama una nguvu ya kudai kitu kimoja tu ndani ya chama, dai kuongoza orodha.

Kuhusu viti maalum watu wanagombana sana, wengine wanasema ni vya kupewa, havina heshima. Mimi nasema chukua, ila ingia ukiwa na tarehe ya kutoka. Vipindi viwili vinatosha kujifunza kanuni za bunge na kujijengea jina, alafu nenda jimboni ukapambane, umwachie mwenzako hicho kiti. Anayekaa miaka 25 kwenye kiti maalum anawaziba wenzake, samahani lakini ndo ukweli.

Hatua ya 2: chama, na hapa tukae kitako

Ingia kwenye chama mapema, mwaka mmoja na nusu au miwili kabla. Vyama vingi vina muda wa chini wa uanachama kabla hujaruhusiwa kugombea na hilo liko kwenye katiba ya chama, ambayo wanachama wengi hawajawahi kuishika mkononi. Itafute, uisome na kalamu. Unatafuta majibu ya maswali manne: nani anapiga kura kwenye mchujo, nani anaweza kubadilisha matokeo ya huo mchujo, ada ni kiasi gani na wanawake wanapunguziwa au la, na rufaa inakatwa ndani ya muda gani. Hilo la mwisho usilidharau, saa nyingine unakuta dirisha la rufaa ni masaa 48 tu, we bado unalia nyumbani limeshafungwa.

Jibu la swali la kwanza ndo linaamua kazi yako yote. Kama wanapiga wanachama wote, kazi yako ni kuandikisha wanachama wapya, hasa wanawake, na kuhakikisha kadi zao zimelipiwa. Kama wanapiga wajumbe, kazi yako ni majina machache unayoweza kuyamaliza mmoja mmoja. Kama wanaamua watu saba chumbani, basi unatakiwa kujua hao saba wanamsikiliza nani.

Tuchukue hiyo ya wajumbe. Nunua daftari, acha simu, simu inapotea na inachunguliwa. Kila mjumbe ukurasa wake: jina, namba, anatoka tawi gani, nani ana ushawishi kwake, tarehe uliyoongea naye, na alichosema kwa maneno yake mwenyewe. Pembeni weka alama, kujumlisha, kutoa, au kiulizo. Mwaka mmoja nilimsaidia mama mmoja aliyekuwa na wajumbe 212, tukawazungukia wote, tukahesabu "ndiyo" 140, tukalala usingizi mzito. Matokeo yakatoka 61. Sio kwamba tuliibiwa, ni kwamba kila mgombea aliyepita kwa hao watu alipewa "ndiyo" hiyohiyo, ni adabu tu, mtu hakukatalii usoni ukiwa umekaa kwenye kiti chake. Uchaguzi uliofuata tukabadilisha swali. Badala ya "utanipigia?" tukawa tunaomba kitu kidogo: naomba nikutaje nikienda kwa fulani, naomba Jumamosi uje na wajumbe wawili wa tawi lako. Aliyekuja na hao wawili alipata alama ya kujumlisha, aliyesema "nitajitahidi" alipata kiulizo hata kama alitabasamu mpaka jino la mwisho. Safari hii tukahesabu 97, zikatoka 101.

Vikao vya usiku ni ugonjwa wa vyama vingi. Kikao kinaitwa saa tatu usiku, kinaanza saa tano, maamuzi yanapita saa saba wakati wanawake wameshaondoka kwa sababu ya watoto na usalama wa njiani. Usilalamike kwa mdomo, andika barua kwa katibu kuomba vikao vya uteuzi viwe mchana, muandike barua hiyo wanawake watano na zaidi, kila mtu abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Hata wakikataa, siku ya rufaa una ushahidi. Na ukienda kikaoni usiende peke yako, mwende wawili au watatu na mmoja aandike nani kasema nini.

Alafu kuna lile jambo ambalo wengi wanalisema kwa kunong'ona, rushwa ya ngono. Kiongozi anakwambia jina lako liko vizuri ila tukutane hotelini tulimalizie. Jibu liwe moja siku zote: "Mheshimiwa, nitakuja ofisini kesho na katibu wangu." Tunza meseji zote, zitume kwa mtu wako mmoja unayemwamini siku hiyohiyo zikiwa na tarehe. Ukikuta huyo mtu anafanya hivi kwa wengi, na kwa kawaida ni kwa wengi, tafuteni mwanasheria mmoja muende pamoja, mmoja wenu akienda peke yake atageuziwa kibao.

Hatua ya 3: karatasi

Rafiki yangu aliondolewa kwenye uteuzi kwa sababu ya jina la ndoa. Kitambulisho kilikuwa na jina la baba, daftari la wapiga kura lilikuwa na jina la mume, vyeti vya shule vikawa na herufi moja tofauti. Ofisi ikamwambia alete kiapo cha majina. Akakimbia kwa wakili, akarudi nacho, mwisho wa kupokea ilikuwa saa kumi jioni na yeye alifika saa kumi na dakika saba. Miaka miwili ya kazi ikaishia kwenye dakika saba. Mwanaume habadilishi jina akioa, kwa hiyo hii shimo ni ya kwetu zaidi na ndo maana naitaja kabla ya mengine.

Miezi sita kabla, tandaza nyaraka zako zote mezani, soma jina herufi kwa herufi. Tofauti yoyote irekebishe sasa. Wadhamini wakihitajika 25 peleka 40 kama sheria inaruhusu, manake kuna atakayekutwa amemdhamini na mpinzani wako, kuna ambaye namba yake ya mpiga kura imekosewa. Fomu irudishe siku mbili kabla ya mwisho, sio siku yenyewe. Lipia ada uchukue risiti, piga picha kila ukurasa uliojaza, na ukae tayari kwa pingamizi, manake itawekwa, hata ya kijinga.

Hatua ya 4: pesa

Kule Marekani mwaka 1985 wanawake walianzisha kikundi cha kuchangia wagombea wanawake wakakiita EMILY's List. Emily sio jina la mtu, ni herufi za kwanza za msemo wao kwamba pesa ya mapema ni kama hamira, inaumua unga. Ni kweli tupu. Kiasi kidogo mwaka mmoja kabla kina kazi kuliko kiasi kikubwa wiki ya mwisho, manake cha mapema kinalipia fomu, nauli za kuzungukia wajumbe na wakili, cha mwisho kinaishia kwenye fulana.

Andika orodha ya watu 100 unaowajua kwa majina, shule, kazini, kwenye vikundi, ndugu. Omba ana kwa ana au kwa simu, taja kiasi, taja kitatumika wapi. "Nisaidie chochote" haileti kitu, "naomba unilipie nauli za mawakala watatu" inaleta. Anayekosa pesa ana gari, ana ukumbi, ana mashine ya kuchapisha, ana muda. Kila senti iandikwe na mtu ambaye sio wewe, na uangalie sheria ya nchi yako inasemaje kuhusu viwango na wachangiaji wa nje. Akija mfadhili mmoja anataka kulipia kampeni nzima, kimbia, huyo ananunua.

Bajeti iende kwa mpangilio huu: ada na karatasi kwanza, mawakala wa vituoni pili, usafiri tatu, mwanasheria nne, vipaza sauti na mabango ndo vinabaki. Najua mabango yanatia moyo ukiona sura yako barabarani, ila bango halihesabu kura.

Hatua ya 5: nyumbani

Kabla hujatangaza mtu yeyote, kaa na familia. Nani atachukua watoto shule miezi hiyo, nani atamhudumia mgonjwa, pesa ya nyumba haitaguswa mpaka wapi, na wakianza kuandika uchafu mtandaoni tutajibu vipi. Mume kama yupo mpe kazi inayoeleweka, asiwe mkubwa wa kampeni kwa sababu tu ni mume. Nimeona kampeni ambapo wapiga debe wanapokea amri mbili tofauti, ya mgombea na ya mumewe, ikafa kabla ya wiki tatu. Timu ya chini kabisa ni watu watano: meneja, mweka hazina, wa mawakala, wa mitandao na habari, na mwanasheria hata wa kuazima.

Hatua ya 6: ujumbe na watu

Shida mbili au tatu za eneo lako, kila moja uwe na jibu la sentensi tatu: shida ni hii, chanzo ni hiki, nitafanya hivi kwa mamlaka ya nafasi hii ninayoomba. Diwani asiahidi jeshi. Na usikubali kufungiwa kwenye "mambo ya wanawake na watoto" pekee, ongea barabara, ongea bajeti, ongea ardhi, wakuone unazijua namba.

Utaulizwa "mume wako amekuruhusu?" au "huna mume, utaongozaje watu?" Usikasirike, usitoe hotuba ya haki. Kitu kama "Mzee wangu, nyumbani tumeshaelewana, sasa nataka tuelewane mimi na wewe kuhusu hiki kisima" kinatosha. Watu wanacheka, kisima kinabaki mezani.

Alafu wapiga kura wanawake. Wasipojiandikisha hakuna cha kuongea. Liberia mwaka 2005, kabla Ellen Johnson Sirleaf hajachaguliwa kuwa rais, wanawake wa vuguvugu la amani walizunguka masokoni, mmoja anashika mtoto na kulinda biashara ya mwenzake ili aende kujiandikisha alafu anarudi. Hakuna kipeperushi kinachoshinda hiyo. Uliza wanawake wa mtaa wako kinachowazuia ni nini hasa, ni foleni, ni kitambulisho, ni mtoto, ni umbali, alafu tatua hichohicho.

Hatua ya 7: matusi na vitisho

Umoja wa Mabunge Duniani mwaka 2016 uliwahoji wabunge wanawake 55 wa nchi 39, asilimia 81.8 walisema wamefanyiwa ukatili wa kisaikolojia na asilimia 44.4 walitishiwa kuuawa, kubakwa, kupigwa au kutekwa. Bolivia mwaka 2012 diwani Juana Quispe aliuawa baada ya kusumbuliwa muda mrefu, na mwaka huohuo nchi ikapitisha sheria dhidi ya unyanyasaji wa kisiasa kwa wanawake, muswada ulikuwa umekaa miaka mingi bila kupita. Kwa hiyo usiambiwe "ndo siasa, vumilia".

Fanya hivi. Akaunti zako zote weka uthibitisho wa hatua mbili, na futa namba ya nyumbani na picha za watoto mapema. Usisome maoni wewe mwenyewe, mpe mtu mmoja asome, apige skrinshoti yenye jina la akaunti, tarehe na linki. Matusi ya kawaida yaachwe, tishio la kuua au kubaka lipelekwe polisi na nakala kwa tume ya uchaguzi, dai namba ya jalada. Picha chafu za kutengenezwa na AI zikitoka, jibu mara moja tu, kwa tamko fupi ndani ya masaa machache, alafu urudi kwenye ajenda, ukijibu kila siku unawasaidia kuisambaza. Usitembee usiku peke yako, na mtu mmoja awe anajua uko wapi kila saa.

Hatua ya 8: siku ya kura

Hapa ndo wanawake wengi wanapoibiwa wakiwa macho, manake pesa imekwisha na mawakala wamekosekana. Kila kituo wakala mmoja na wa akiba. Sio mtu anayekupenda tu, mtu anayeweza kuandika namba bila kutetemeka saa nne usiku akiwa na njaa. Mfanyie mazoezi ya kweli: kunja karatasi 50, weka zenye alama mbaya, mwambie ahesabu mbele yako na ajaze fomu ya mfano.

Mfuko wa wakala uwe na barua ya utambulisho, kalamu mbili, daftari, tochi, maji, chakula, chaji ya simu. Kazi yake ni kuona sanduku likiwa tupu asubuhi, kuandika namba za lakiri, kuhesabu wanaoingia, na usiku asitoke mpaka amepata nakala ya fomu ya matokeo yenye sahihi. Akiona kosa aandike kwenye fomu ya malalamiko palepale kituoni, hadithi ya kesho yake haina uzito. Fomu ikipigwa picha inatumwa kwa mtu mmoja anayejumlisha, kituo kwa kituo, na jumla yako ikigombana na ya msimamizi una kitu cha kumwekea mwanasheria mkononi.

Wewe ni kiongozi wa chama au kikundi?

Kazi yenu ni meno ya sheria. Ufaransa walipitisha sheria ya usawa mwaka 2000, chama kisichoweka wanawake wa kutosha kwenye uchaguzi wa bunge kikakatwa ruzuku, vyama vikubwa vikaona bora vikatwe. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili, bunge likashindwa kupitisha sheria ya kulitekeleza mpaka Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais mwaka 2020 alivunje, na halikuvunjwa. Kwa hiyo mkiandika kanuni, adhabu iwe orodha kukataliwa. Zaidi ya hapo: punguzeni ada, tangazeni matokeo ya mchujo tawi kwa tawi, na wekeni mfuko unaotoa pesa kabla ya uteuzi.

Hatua ya 9: umeshinda, au umeshindwa

Ukishinda, kiti ni chako. India walipotenga theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji miaka ya 1990, kuna sehemu waume wakawa ndo wanaokaa ofisini mke akiweka sahihi. Mexico mwaka 2009 wabunge wanawake kadhaa waliomba ruhusa mara tu baada ya kuanza kazi, viti vikaenda kwa wanaume waliokuwa wasaidizi wao wa kwenye karatasi, yaani wale wanaoshika kiti mbunge akiondoka. Mwaka 2011 mahakama ya uchaguzi ikaamua msaidizi awe wa jinsia ileile. Kwa hiyo soma kila karatasi kabla ya sahihi, mhuri ukae kwako, kanuni za kudumu uzijue kuliko wanaokucheka, na uombe kamati ya fedha kabla hujapewa ya ustawi wa jamii.

Ukishindwa, wiki ya kwanza lala. Wiki ya pili piga simu za asante kwa kila aliyekuchangia na kila wakala, funga hesabu, rudisha ripoti ya matumizi tume isije ikakufungia uchaguzi ujao. Na lile daftari la wajumbe usilitupe. Lipitie ukurasa kwa ukurasa kumbukumbu zikiwa bado mbichi, andika nani kweli alikupa na nani alikudanganya. Kama hutagombea tena mtafute binti aliyekuwa anakubebea mafaili, mkae chini mlisome naye.